Inchi Sitini kwa Sekunde Kumi na Sita

Duka la Nguo la Shariff,
Kisii Mjini,
Kenya.

12 Septemba 1974

Mpendwa Mjomba Issack,

Asalaam aleikum. Mguu wako umekuwaje? Dereva aliyetuletea salamu zako kutoka Mwanza mwezi wa saba alisema umeanza kuukanyaga bila fimbo, lakini Mama hakuamini. Alisema wewe huficha maumivu tangu utotoni. Tafadhali andika ukweli, kwa maana mimi ndiye ninayezisoma barua zako kwa sauti, na Mama hunikazia macho usoni kuona kama naruka mstari.

Bi Rukia hajambo? Na mtoto, ameshaota jino? Mama amemshonea fulana mbili za sufu kwa sababu anaamini baridi ya Kisii iko kila mahali duniani. Nimemwambia Mwanza kuna joto. Hakuacha kushona.

Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Baba alipatwa na kikohozi cha mvua, sasa amepata nafuu na amerudi kubishana na wanunuzi wa vitambaa. Mvua zetu unazijua. Kila siku ikifika saa tisa alasiri mabati yanapigwa hadi mtu hasikii anachoambiwa, kwa hiyo kazi ya kusikiliza redio naifanya asubuhi, na mchana nafanya ile ya macho na mikono tu.

Barua yako ya tarehe kumi Agosti ilifika. Niliisomea Mama hadi mwisho na sikuruka mstari. Uliandika kwamba nikisafishe chumba chako cha nyuma ya duka, nifunge vyombo vyako sandukuni, na mwisho wa mwezi huu wa Septemba nimkabidhi ufunguo Fundi Machogu wa Keroka, ambaye mmekwisha kupatana naye. Uliandika kwamba msichana aliyemaliza shule hana kazi katika chumba cha redio. Tena uliandika kwamba mimi ni mwoga, hata mteja akinisalimu siitikii.

Mjomba, ufunguo sitautoa.

Sentensi hiyo niliiandika mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa. Nilitafuta namna ya kuipunguza ukali sikuipata. Nisamehe kwa ukali wake, lakini nakuomba usome mpaka mwisho.

Kuhusu uoga hukukosea. Sauti yangu hukauka mtu mzima akinitazama. Tangu ulipoondoka, nimekuwa nikifanya kazi nyuma ya lile pazia la kaniki ulilotundika wewe mwenyewe. Mteja huleta redio kwa Mama, Mama huiingiza chini ya pazia, mimi huitengeneza, na Mama huitoa. Wengi walidhani umerudi kimyakimya. Wengine walisema Baba ameajiri fundi mwenye kovu usoni asiyetaka kuonekana. Mama hakuwakatalia. Redio zilizopita chini ya pazia hilo tangu Februari ni thelathini na moja, na zilizorudi na ugonjwa uleule ni mbili. Nadhani wewe mwenyewe usingeona haya kwa hesabu hiyo.

Sasa nikueleze habari ya mashine ya tepu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nijue kwamba sitautoa ufunguo.

Jumatatu ya tarehe ishirini na sita Agosti alikuja mwanamke mmoja wa Nyamache, jina lake Orpah. Ni kiongozi wa kwaya ya wanawake katika kanisa la Waadventista huko kwao. Alikuwa na mzigo kichwani umefungwa kwa leso mbili, na ndani yake mashine ya tepu ya kanisa, ile ndogo ya magurudumu mawili inayotumia mawe ya redio badala ya umeme. Aliiweka kwenye meza ya Baba juu ya vitambaa, akamwambia Mama, "Mama Asli, nimeambiwa hapa kuna fundi asiyeongea. Huyo ndiye ninayemtaka. Wale wanaoongea nimewachoka."

Habari yake ilikuwa hii. Mwezi wa Aprili kwaya yao ilijirekodi nyimbo sita, na wote waliozisikia walizisifu. Mwezi wa Agosti kanisa likaenda makambini, na siku ambayo makanisa yote yamekutana mzee wa kanisa, Mzee Nyamweya, akaagiza tepu ipigwe. Zikatoka sauti za wanaume wazee wenye usingizi. Wanawake ishirini waliimba kama ng'ombe walio zizini. Watu wa makanisa mengine walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee Nyamweya, kwa aibu, akapeleka mashine Keroka kwa Fundi Machogu, na Machogu akairudisha na jibu kwamba mashine ni nzima kabisa. Alisema wanawake ndio walioimba vibaya, na siku ile ya Aprili hapakuwa na mtu mwenye masikio ya kulitambua hilo. Kwa ajili hiyo Orpah akaambiwa akae benchi la nyuma, kwaya apewe mwingine.

Nilikuwa nasikia yote nyuma ya pazia. Orpah akasema, "Nimeimba tangu nikiwa mtoto mgongoni kwa mama. Leo chuma kiniambie mimi ni dume?" Kisha akalivuta pazia. Sikupata nafasi ya kujificha. Aliniangalia, akaangalia bisibisi mkononi mwangu, akasema, "Kumbe ni kitoto! Mimi nimemletea mashine mzee mwenye kovu." Nilitaka kuzama ardhini. Lakini hakuichukua mashine yake. Alivuta kiti akakaa, akasema, "Haya, fungua. Mimi sitasema neno." Alisema maneno mengi sana.

Nilianza kwa kuweka mawe mapya na kuipiga tepu ile. Ni kweli, nyimbo zilikuwa nzito na za polepole, tena kila baada ya muda mfupi sauti ilijikwaa kama mtu aliyekanyaga shimo. Niliacha tepu iendelee, na nyimbo zilipokwisha, kwenye sehemu iliyokuwa tupu, nikasikia mwanamume akisema vizuri kabisa, kwa sauti yake ya kawaida: "Moja, mbili, tatu. Hapa ni Keroka. Anayesema ni Fundi Machogu. Mashine hii haina ugonjwa."

Orpah akapiga mapaja. "Ndiyo hiyo! Hiyo ndiyo aliyompigia Mzee Nyamweya. Mzee akasema, unasikia, Machogu anasikika kama Machogu, basi kosa ni lenu."

Mjomba, kwa dakika kadhaa hata mimi nilishindwa. Tepu ni moja, mashine ni moja. Kwa nini wanawake wamekuwa madume na Machogu amebaki Machogu? Nilidhani ni mota inayochoka na kupata nguvu. Nikaifungua mota, nikakata waya mmoja mwembamba bila kukusudia, nikaulehemu, nikaifunga. Hapakuwa na lolote. Siku mbili zikapotea hapo, na ningekuwa na akili nisingeigusa.

Siku ya tatu nilikuwa namsaidia Mama kupima kitambaa cha sare za shule. Alikuwa ananitajia inchi nami naandika, nikaona kwamba ile futi yake ya manjano imevutika kwa uzee, na kwamba kama angeshona gauni zima kwa futi hiyohiyo, kila kipande kingelingana na mwenzake na hakuna ambaye angegundua. Kosa lingeonekana siku nguo inapopimwa kwa futi ya mtu mwingine. Niliacha kalamu nikakimbilia nyuma ya pazia. Mama aliita, nami sikuitika.

Ndivyo alivyofanya Machogu. Mashine ilikuwa inakwenda polepole. Alijirekodi ikiwa polepole, akajisikiliza ikiwa polepole vilevile, na sauti yake ikatoka sawa. Alilipima kosa kwa kosa lenyewe. Lakini wanawake walirekodi mwezi wa Aprili mashine ikiwa nzima. Kwa hiyo kati ya wale wote waliosikika kwenye tepu ile, waliokuwa wanasema kweli ni wanawake.

Sikutaka mtu aniamini kwa maneno, kwa kuwa maneno sina. Nilitaka kipimo. Kwenye bamba la mashine imeandikwa kwamba tepu hukimbia inchi tatu na robo tatu kwa sekunde moja. Zidisha mara kumi na sita utapata sitini kamili, na futi ya kupimia nguo ina inchi sitini. Nilimwomba Mama afungue ile futi mpya aliyokuwa anaitunza. Nikailaza tepu kando yake, nikaitia alama mbili za chaki ya cherehani, moja mwanzo na moja mwisho. Kisha nikavaa saa ya Baba, nikawasha mashine, nikahesabu tangu alama ya kwanza ilipopita hadi ya pili. Mashine nzima ingetumia sekunde kumi na sita. Hii ilitumia kumi na tisa. Nilirudia mara tatu, kumi na tisa. Mama aliyekuwa akishika taa ya mkononi akasema, "Basi inachelewa kama baba yako akiitwa kula."

Nilisafisha kwanza kichwa kinachosoma tepu, kwa spiriti na pamba. Ilitoka takataka ya kahawia na sauti ikawa safi zaidi, lakini sekunde zikabaki kumi na tisa. Nikafungua upande wa chini, nikaugusa mkanda unaotoka kwenye mota. Vidole vyangu vikawa vyeupe na kuteleza. Kwanza nilidhani ni chaki ya Mama. Nikanusa, nikasugua kati ya vidole. Ulikuwa unga laini kuliko poda ya mtoto. Niliukumbuka. Ni unga ule unaowajaa mikononi wachonga mawe wa Tabaka wanapokuja mjini kuuza vinyago na sahani.

Orpah aliporudi nikamwonyesha vidole vyangu. Akaziba mdomo kwa leso. "Abner!" akasema. Abner ni shemeji yake, ndiye mtunza mashine wa kwaya, na mamaye ni wa Tabaka. Mwezi wa Juni mkanda ulikuwa unalia, naye akaupaka unga wa jiwe. "Kwao mlango ukilia wanaupaka huo," Orpah akasema. "Kitanda kikilia wanakipaka huo. Mtoto akilia, nadhani wanampaka pia." Mama akasema kumbe mashine hii imetiwa mawe ya aina mbili, ya redio na ya Tabaka, na ya Tabaka ndiyo yaliyoishinda. Tulicheka wote, na Mjomba, nilicheka kwa sauti mbele ya mgeni.

Mkanda usio na mshiko hauvuti. Niliufuta kwa spiriti, nikafuta na vigurudumu vyote mpaka pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia, na weupe huo si wa unga. Nikapima tena. Sekunde kumi na saba. Sauti za wanawake zilikuwa karibu kurudi, lakini kule kujikwaa kukaendelea. Du. Du. Du. Kama mtu anayebisha hodi ndani ya wimbo.

Hapo nilitumia ulichonifundisha nikiwa na miaka tisa, kwamba kitu kikigonga kwa mpangilio, tafuta kinachozunguka kwa mpangilio huohuo. Niliweka alama ya chaki kwenye kila kigurudumu na kuangalia ni alama ipi inayopita juu kila sauti inapogonga. Ilikuwa ya kile kidogo chenye mpira pembeni, ambacho mkanda hukizungusha nacho husukuma gurudumu zito. Mpira wake ulikuwa umelika, tena una bonde, kwa sababu baada ya makambi mashine iliachwa wiki nzima kitufe chake kikiwa kimebonyezwa, na chuma kikalala palepale kwenye mpira.

Mpira wa namna hiyo Kisii haupo. Nilijaribu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kilikuwa na kiungo, na mashine ikapata kugonga kupya. Nikakaa nikiangalia. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona Mama upande wa pili anajaza uzi kwenye bobini, na kile kipete cha mpira cha cherehani kilikuwa kinazunguka, laini, bila kiungo, ukubwa uleule. Nadhani alinisoma usoni, maana alisema, "Asli, hapana." Nikasema, "Mama." Akasema, "Nina sare arobaini za kushona." Nikasema tena, "Mama." Alikichomoa akanirushia juu ya pazia. Tangu siku hiyo anajaza bobini kwa mkono na kunitaja kwa majina ambayo siwezi kukuandikia.

Kipete kilikuwa kinene kidogo. Mashine ikakimbia, sekunde kumi na tano. Nikakisugua kwa msasa mwembamba kikiwa kinazunguka, kidogo kidogo, nikipima kila mara. Kumi na tano. Kumi na tano na nusu. Asubuhi ya Alhamisi iliyopita, kabla mabati hayajaanza kelele zake, ikafika kumi na sita. Nilipima mara tano. Kisha nikapiga wimbo wa kwanza. Mama aliacha cherehani. Baba aliacha mteja mezani na kuja kusimama mlangoni. Zilikuwa sauti za wanawake, Mjomba, za juu na nyepesi, na ya Orpah iko juu ya zote. Baba akauliza, "Hao ndio waliokuwa ng'ombe?"

Orpah hakutaka kuichukua mashine peke yake. Alisema walioshuhudia aibu yake washuhudie na haki yake. Jumapili iliyopita alikuja na wanawake wanne wa kwaya na Mzee Nyamweya. Mzee, kwa kuwa ni mtu wa kupenda ushahidi, alipita Keroka akamleta na Fundi Machogu.

Sasa nakuandikia jambo ambalo hutalipenda. Machogu hakuja kutazama mashine. Aliingia moja kwa moja katika chumba chako bila hodi, akaanza kupima ukuta kwa viganja. Alisema atabomoa rafu zako na kuweka nyingine, na kwamba pazia ataling'oa. Nilikuwa nimesimama palepale. Alinipita kama anavyopita kiti. Mzee Nyamweya akauliza fundi yuko wapi, Mama akasema ni huyo hapo. Machogu akaangalia huku na huku. "Fundi gani? Mnaniambia pazia hili ndilo linalotengeneza redio?" Kisha akaniona, akacheka kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. "Mwanangu, hii si cherehani."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Unajua inavyokuwa. Basi nikafanya ninachoweza, nikabonyeza kitufe.

Wimbo wa kwanza ukatoka. Wanawake walishikana mikono. Mmoja alianza kuimba pamoja na sauti yake mwenyewe huku machozi yanamtoka. Mzee Nyamweya aliinamisha kichwa, akavua kofia. Machogu akasema labda ni tepu nyingine. Nyimbo sita zikapita, na hapo ndipo ningeweza kuisimamisha mashine. Nataka uelewe, Mjomba, kwamba nilijua kinachofuata. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nikakiondoa.

Ikatoka sauti ya haraka na nyembamba, kama kitoto kinachofukuzwa na nyuki: "Moja-mbili-tatu. Hapa-ni-Keroka. Anayesema-ni-Fundi-Machogu. Mashine-hii-haina-ugonjwa."

Kisha Orpah akasema taratibu sana, "Fundi, karibu kwaya ya watoto." Wale wanawake wakaangukiana. Baba alitoka nje kwa sababu yeye ni mwenye duka na si vizuri mwenye duka kumcheka mtu. Mzee Nyamweya alijikaza, ndevu zake zikawa zinatetemeka, akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, nataka kuwa na hakika." Nikarudia tena. Ndipo akamgeukia Orpah akamwambia mbele ya watu wote kwamba Sabato ijayo asimame mahali pake pa zamani, na kwamba yeye mzee atalitangaza kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Machogu alikuwa bado ameweka kiganja ukutani. Alisema, kwa hasira sasa, kwamba mashine ni mashine na chumba ni chumba, na chumba hiki ameahidiwa na mwenyewe. Akaendelea kupima. Na hapo, Mjomba, sijui sauti ilitoka wapi, hata Mama alishtuka. Nilisema, "Usipime. Rafu zilizopo zinanitosha."

Ni maneno manne. Niliyahesabu baadaye. Lakini niliyasema nikimtazama usoni, na aliushusha mkono.

Juzi Jumanne alirudi, peke yake. Safari hii alisimama nje ya pazia akabisha hodi. Akauliza, "Binti, zile inchi sitini, unaanza kuhesabu alama ikifika wapi?" Nikamwonyesha. Nilimpa kipande cha chaki na kumwandikia ile hesabu kwenye karatasi. Sikumcheka, wala sikuona raha ya kumcheka. Alivyokuwa anaondoka akasema, "Lakini mjomba wako aliniahidi." Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Mwandikie basi. Nami nitasubiri jibu lake, si lako."

Ndiyo maana nakuandikia. Yeye anasubiri neno lako, nami sikuombi lile neno liwe la huruma. Uliandika kwamba msichana hawezi kukaa na wanaume wageni chumbani. Mama yuko hatua tano kutoka hapa, na mkasi anao. Uliandika kwamba watu watasema. Wameshasema. Sasa wanasema kwamba fundi wa nyuma ya pazia ni binti wa Shariff, na Jumatano peke yake zimekuja redio tatu na gramafoni moja. Uliandika kwamba mimi ni mwoga. Bado ni mwoga, na redio zinapona hivyohivyo.

Vyombo ni vyako, siwezi kulikataa hilo. Ukivitaka, njoo uvichukue mwenyewe, au tuma mtu wako, nami nitavifunga vizuri bila kinyongo na kuanza upya na bisibisi ya Mama ya cherehani. Lakini mkononi mwa Machogu sitavitia. Wewe ndiye uliyenipa bisibisi ya kwanza na kuniambia nisikiamini kitu mpaka nimekipima. Nimepima, Mjomba. Hukuniambia kwamba ikifika siku fulani niache.

Orpah amenitumia mkungu wa ndizi na ujumbe kwamba Abner amekatazwa kuingia kanisani na unga wa jiwe mfukoni. Pazia nimelipandisha nusu. Siku nikiweza nitalipandisha lote.

Ramadhani iko mlangoni, siku tano au sita zimebaki. Mungu atufikishe sote wazima, na ayakubali maombi yako na yetu. Baba anakusalimu sana na anasema katika shauri hili yeye hasemi kitu, lakini jana nimemwona akipaka rangi rafu zako. Mama anakusalimu, na anasema ukipata huko Mwanza kipete cha mpira cha cherehani umtumie haraka, tena viwili, kwa kuwa anajua kimoja kitaishia wapi. Msalimie Bi Rukia, na mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mwandikie Machogu mapema, asiendelee kusubiri bure.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kama zamani, na ufunguo ukiwa shingoni,

Asli binti Shariff